Mtoto wa Mama Wanga

Jina la Mama Wanga alipewa na wateja wake, na alilipokea kwa moyo mweupe. Hapakuwa na dobi mwingine mtaani aliyejua kutia nguo wanga kama yeye. Alichemsha unga wa muhogo mpaka ukawa uji mwepesi wa kung'aa, akauchuja kwa kitambaa, kisha akachovya kola na pindo za mikono tu. Shati zima halichovywi, maana likikauka linamkwaruza mvaaji kama gunia. Aliianika nguo kivulini, akaianua ikiwa bado na unyevu kidogo, akaiviringisha na kuilaza kwenye beseni chini ya kitambaa mpaka zamu yake ifike. Kola ikitoka chini ya pasi yake ilisimama yenyewe, wala haikuhitaji shingo.

Jina hilo lina upande wake wa pili, na kila ajuaye Kiswahili anaujua. Ukisikia wanga bila kuliona beseni la uji ule wa muhogo, mawazo yanaweza kwenda kwa wale wanaosemwa kwamba hutoka usiku kuwaroga wenzao. Lakini pale uani watu walishamzoea, na utani wenyewe ulishachakaa kwa kutumiwa.

"Mama Wanga, jana ulipita juu ya paa langu?"

"Nilipita, nikakuta unakoroma, nikaona nisikusumbue."

Wanacheka, kila mtu anashika njia yake. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba atakuja kuhamia mtu ambaye beseni hilo hajaliona.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, bomba katikati, kamba za nguo zimepishana juu. Chumba chake na mumewe kilikuwa cha mwisho, jirani na geti. Meza ya pasi ilikaa barazani, imevikwa blanketi kuukuu na shuka safi juu yake. Pasi ilikuwa ya mkaa, nzito, mpini wake umelainika kwa kushikwa. Kwenye kigoda karibu na geti alikaa mumewe.

Watu waliendelea kumwita Fundi, ingawa hakuwa akitengeneza kitu tena. Alikuwa fundi saa. Alikuwa na kibanda chenye dirisha la kioo, lenzi yake jichoni, kibano mkononi, na subira ya kutafuta kigurudumu kidogo kuliko chembe ya mchele. Kisha saa zikaanza kumsemesha. Mwanzoni alicheka nazo. Baadaye akawa anazijibu, na mwishowe akawa halali kwa sababu alisema zinagombana na yeye ndiye mwamuzi. Ilikuwa miaka migumu, ya kwenda hospitali na kurudi, na Mama Wanga alipiga magoti mpaka sakafu ikamjua. Dawa zilipopatikana zilizomwafiki, mume wake alirudi, si wote, lakini sehemu kubwa. Alikula, alioga, alikuwa mpole. Saa zote zilitolewa chumbani. Kulikuwa na mambo mawili tu ya kuchunga: asikose dawa, na jua lisizame hajamwona mke wake. Akikosa kumwona, miguu ilimwinua. Siku moja mkewe alichelewa kurudi kutoka kupeleka nguo, akaja kumkuta amevuka mji mzima bila viatu, anauliza wapita njia kama wamemwona mwanamke aliyebeba beseni. Tangu siku hiyo Mama Wanga hakulala nje ya chumba kile.

Fundi alikuwa na jambo lake jingine. Ukimwuliza habari, anakupa habari.

"Habari za nyumbani, Fundi?"

"Sukari imekwisha, na mke wangu amenuna kwa sababu nimemwaga wanga."

Watu walipita wakitabasamu. Yote yaliingizwa kwenye hesabu ya ugonjwa.

Mke wake alikuwa kinyume chake. Habari za asubuhi? Salama. Habari za mgonjwa? Salama, tunamshukuru Mungu. Alisema salama akiwa hajalala, alisema salama akiwa ametoka kumsihi mumewe avae shati tangu alfajiri. Mwanzoni majirani walikuja, wakakaa, wakauliza, wakaambiwa salama, wakaamini. Shemeji zake walipiga simu kutoka mbali.

"Kaka hajambo?"

"Hajambo."

"Na wewe, shemeji?"

"Salama."

Wakakata simu wakimshukuru Mungu kwa roho nyepesi. Hawakuwa watu wabaya. Ni kwamba mlango ukisemwa umefungwa vizuri, nani atausukuma?

Mabadiliko yalianzia kwenye gauni la kazi la muuguzi wa zahanati ya mtaa, mama mmoja mnene, mwenye sauti ya chini. Alikuja nalo mwenyewe, limekunjwa chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, muuguzi. Usiniambie nimelichelewesha."

"Hukulichelewesha. Lilifika mapema, tena limekuja na mgeni."

Akalikunjua. Mgongoni, juu ya weupe wote ule, palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, kamili na ncha yake. Mtu angeiona akiwa nje ya geti. Mama Wanga alilisogeza gauni mpaka karibu na pua ndipo akaiona. Muuguzi aliacha kulitazama gauni, akawa anaitazama hiyo pua.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unasoma nguo kwa kunusa?"

Mama Wanga alitaka kusema salama, lakini swali halikuwa la namna hiyo. Alisema kwamba kulikuwa na ukungu kidogo, na kwamba alidhani ni mvuke wa pasi. Ukweli ni kwamba ule mvuke ulikuwa ukimfuata mpaka kitandani, na madoa siku hizi aliyatafuta kwa ncha za vidole.

Kwa daktari wa macho alikwenda na Fundi, kwa kuwa Fundi hakuweza kuachwa peke yake. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini mwenye adabu. Alimmulika, akamgeuza, akamwambia, "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili, lakini huyu wa kulia amekomaa. Lazima atolewe."

Fundi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Baba yake nani?"

Daktari alikohoa. Mama Wanga aliuma midomo na kutazama ukutani.

"Na asipotolewa mapema?" akauliza.

"Utapofuka. Nisikufiche. Lakini si kazi kubwa. Unakuja asubuhi, tunamtoa, unalala wodini, kesho yake tunafungua bandeji unakwenda nyumbani."

"Ni lazima nilale?"

"Usiku mmoja tu, mama."

"Na huyu?"

Daktari alimtazama Fundi, aliyekuwa amekaa sawa, kofia magotini. "Mzee hawezi kulala wodi ya akina mama. Hakuna mtu nyumbani?"

Njiani, walipofika karibu na nyumbani, Fundi alisema, "Miaka yote tumeomba mtoto. Kumbe anapitia jichoni."

Mungu hakuwajalia mtoto, na hilo hawakuwa wakilizungumza. Mama Wanga alisimama pale pale barabarani akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopangusa machozi akakuta yanaendelea kutoka, na kicheko chenyewe kimeshakwisha.

Tarehe aliyopewa ilifika ikapita. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye meza yake, anapiga pasi mashati ya walimu kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alifikiria kumwacha mumewe na mlango wazi, akamwona kwenye barabara kubwa bila viatu. Alifikiria kumfungia, mawazo yakagoma yenyewe.

Muuguzi alipopita kuuliza, aliambiwa kwamba nguo zilikuwa nyingi.

"Nguo," alisema muuguzi.

"Nguo."

"Sawa. Alhamisi kuna kikao pale kwetu cha watu wenye wagonjwa kama Fundi. Njoo naye. Wagonjwa wanakaa chumba cha mbele na mwenzangu, wanakunywa chai. Ninyi mnakaa nyuma na mimi."

"Mimi sina matatizo, muuguzi."

"Ndiyo, nimeona mgongoni kwangu."

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo. Magodoro yalisimamishwa ukutani, mabenchi mawili yametazamana, chupa ya chai juu ya kasha la sindano. Watu hawakuwa wengi. Muuguzi alizungusha vikombe, kisha akasema, "Anayekuja mara ya kwanza namwambia utaratibu. Hapa tunasalimiana kama kawaida, lakini salama ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ila. Mtu hakai chini mpaka ametoa ila yake."

Aliyeanza alikuwa dereva mstaafu, mzee mrefu mwenye masharubu.

"Habari za nyumbani, dereva?"

"Salama, ila binti yangu jana kaniambia mimi si baba yake. Baba yake ni yule bwana wa kwenye kalenda ya benki. Nimeitazama ile kalenda. Yule bwana ana nywele zote, tena ana tai. Nikamwambia mwanangu, hata mimi ningemchagua yeye."

Watu walicheka, na yeye akacheka, kisha masharubu yakatetemeka kidogo akakaa chini.

Aliyefuata alikuwa msichana aliyevaa sare ya dukani, anayemtunza mama yake. "Salama," alisema. "Ila jana nimemfungia mama mlango kwa nje nikaenda kazini. Nimemfungia kwa kufuli." Dereva alimsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai, na muuguzi akamwambia abaki baadaye waongee wawili.

Ikafika zamu ya Mama Wanga. Alisimama, akashika pindo la khanga.

"Salama," akasema.

Walimsubiri.

"Salama," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Dada," dereva alisema kwa upole, "gari limeshawaka. Tia gia."

"Ila," akasema Mama Wanga.

Neno lilitoka likabaki pale peke yake. Alijisikia kama aliyevua viatu mbele za watu. Kisha yakaja mengine nyuma yake, ukungu, gauni, daktari, usiku mmoja, jua kuzama, mpaka akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ila macho yananiacha, na sina mtu wa kumwachia mume wangu."

Muuguzi hakumpa pole ndefu. "Fundi ana daktari, ana dawa, ana kadi yake kabatini kwetu," alisema. "Wewe una nani?"

"Nina Mungu."

"Ninaye na mimi. Lakini Mungu hajanipa zamu ya kulala kwako, mimi niko kazini. Nani mlango wake uko karibu na wako?"

Mama Wanga alifikiri. "Kuna msusi. Amehamia juzijuzi. Yuko nyumbani kutwa, anasukia mlangoni. Lakini hanipendi. Akiniona natoka mlangoni anawaingiza wanawe ndani."

"Umemkosea nini?"

"Sijamkosea. Nadhani ni kwa sababu ya mzee."

"Unadhani. Umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Muuguzi akamweleza namna ya kufanya, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Mtu wa kukaa na mgonjwa asije siku hiyo hiyo kama mgeni, azoeleke kwanza mchana. Mgonjwa mwenyewe aambiwe mapema, kwa maneno ya kweli, unakwenda wapi, unarudi lini, kwa njia ipi. Dawa saa zake zisisogezwe. "Na usitafute mtu asiyeogopa," akamaliza. "Tafuta anayekubali kuambiwa."

Kesho yake mchana Mama Wanga aliweka pasi pembeni, akavuka ua. Msusi alikuwa kwenye ngazi ya mlango wake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Mbele yake, chini kwenye mkeka, alikaa mteja mwenye nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama.

"Hodi."

Vidole vya msusi vilisimama. "Karibu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba usikaribie. Wanawe wawili waliokuwa wakichezea chanuo aliwaingiza ndani kwa jicho tu.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo. Habari za kwako?"

"Marahaba. Salama." Mama Wanga alishika pindo la khanga. "Ila."

Msusi alimtazama.

"Ila mume wangu ana ugonjwa wa akili, unamwona pale getini. Hana ubaya na mtoto wa mtu. Na mimi macho yangu yanakufa. Nahitajika kulala hospitali, usiku mmoja, na siwezi kumwacha peke yake. Nimekuja kukuomba unikalie naye."

"Mimi?"

"Mlango wako unatazamana na wangu."

"Mama, nisamehe, mimi nina watoto."

"Najua. Naona unavyowaingiza ndani. Sikulaumu, mwanangu, wengi wanamwogopa mzee."

"Simwogopi mzee," alisema msusi. "Mzee ananisalimia kuliko ndugu zangu wa damu. Ninayemwogopa mimi ni..." Akamalizia kwa kidevu.

Mama Wanga aligeuka kutazama nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mimi?"

"Mwambie tu," alisema mteja kutoka chini. "Mimi si umeniambia tangu asubuhi."

"Nyamaza wewe, nitakuvuta nywele." Lakini msusi alikuwa ameshashikwa. Aliweka chanuo chini. "Mama, wewe umekuja wazi, na mimi nitasema wazi. Siku moja nimemwuliza mzee habari za nyumbani. Akaniambia, salama, ila mke wangu ana mtoto, lazima atolewe, asipomtoa mapema atapofuka. Maneno yale yale, sikuongeza. Na jina lako ndilo hilo wanalokuita hapa. Nikajumlisha mwenyewe."

Mama Wanga naye alijaribu kujumlisha. Mtoto. Atolewe. Wanga. Jibu lilipokuja, kwamba ni kafara, alilazimika kukaa kwenye ngazi.

"Mtoto wa jicho," alisema.

"Eh?"

"Mtoto wa jicho, mwanangu. Huu ukungu. Daktari ndiye aliyesema atolewe, na mzee kasema kama alivyosikia."

"Na wanga?"

"Wa nguo. Wa muhogo. Njoo ulione beseni."

Mteja ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka nusu ya nywele zilizosimama zikatikisika, akainama mkekani akapiga sakafu kwa kiganja. Msusi alifunika uso kwa kitambaa chake cha begani.

"Nimewafungia watoto ndani siku zote hizi," alisema chini ya kitambaa. "Nimepiga magoti nikiomba."

"Uliomba nini?"

"Uhame."

"Basi Mungu anatujua wote wawili," alisema Mama Wanga, "hakukusikiliza."

Walicheka tena, sasa wote watatu. Kisha msusi akakishusha kitambaa, uso wake umebadilika.

"Kumbe alikuwa anatuambia," alisema. "Kila siku pale getini. Alisema sukari imekwisha, tukacheka. Wiki iliyopita kaniambia, mke wangu analia akikunja shuka, anadhani sioni. Na hilo nilicheka."

Mama Wanga aliangalia upande wa geti, ambako kwa macho yake kulikuwa na kivuli kimekaa juu ya kigoda.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Msusi akachukua chanuo, akarudi kwenye kichwa kilichokuwa kikimsubiri. "Nitakaa naye, mama. Ila na mimi nina ila yangu. Watu wa namna hiyo siwajui. Akianza kusema na hizo saa zinazotajwa hapa uani nifanyeje?"

"Usimbishie. Wala usijifanye unazisikia. Mwambie wewe huzisikii, kisha mwulize kama amekunywa chai."

"Basi?"

"Mara nyingi ni basi. Nyingine nitakwambia kadiri zinavyokuja."

Kazi ya kuzoeana haikwenda vizuri mwanzoni. Siku ya kwanza Fundi alipelekwa mlangoni kwa msusi na kigoda chake, akakaa kidogo, akashukuru, akakichukua kigoda akarudi getini. Siku ya pili vilevile. Msusi alikuwa anataka kukata tamaa, mpaka furushi la nywele bandia lilipomfungukia likajivuruga lote. Fundi aliliokota. Aliliweka mapajani, akainamisha kichwa kama vile ana lenzi, akaanza kutenganisha unywele mmoja mmoja kwa vidole vilivyowahi kushika springi za saa. Alipomaliza, mafungu yalikuwa sawasawa, yamelazwa gotini kwa mstari. Toka hapo kila mchana alikuwa na kazi.

"Mzee, nitakuajiri," alisema msusi.

"Nitafikiria," alisema Fundi.

Wale watoto nao walipewa ruhusa ya kwenda kulitazama beseni. Waliingiza vidole kwenye wanga, wakaacha vikauke, wakawa wanatishana kwa kucha nyeupe uani kote.

Daktari alitoa tarehe nyingine, na usiku wa kuamkia safari uliwakuta wameshaongea. Mama Wanga alikuwa amemweleza mumewe mchana, wakiwa wamekaa getini. "Kesho nakwenda kumtoa mtoto. Nitalala huko. Keshokutwa nitarudi, kwa miguu yangu, kupitia geti hili."

Fundi alifikiri. "Jua litazama mara moja bila wewe."

"Mara moja."

"Msusi atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Msusi anaongea sana," alisema Fundi, si kwa kulalamika.

Daktari alimtoa mtoto asubuhi. Haikuuma kama alivyotarajia. Kilichouma kilikuja jioni, akiwa kitandani wodini, jicho moja chini ya bandeji na la pili kwenye ukungu wake, aliposikia kwa joto la dirisha kwamba jua linakwenda. Alisali. Alimkabidhi Mungu mumewe, kisha akaendelea kuhangaika, kwa kuwa kukabidhi ni jambo moja na kuachia mkono ni jingine. Mwishowe alisema kwa sauti, mama wa kitanda cha jirani akamsikia, "Bwana, nimeshakupa, nisaidie nisimnyang'anye tena." Mama wa jirani alisema amina bila kuuliza ni nini.

Kesho yake walimfungua bandeji, wakamtia dawa, wakampa kikinga jicho na maelekezo. Alirudi na beseni dogo kwapani, akishika ukuta, anaona vitu alivyokuwa amevisahau, nyufa za lami, herufi za vibao, majani yenye mpaka mmoja mmoja. Alipokata kona ya mtaa wao aliona watu wamekusanyika getini.

Alikaza mwendo. Alipofika karibu akaona kwamba hawakuwa wengi. Msusi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya njia ya geti, mkeka umetandikwa chini, mteja wake mkekani ana nusu ya kichwa, watoto wawili wamekaa kizingitini. Pembeni, kwenye kigoda, Fundi ameshika mafungu ya nywele, macho yake barabarani.

"Hamjambo," alisema Mama Wanga. "Habari za hapa?"

"Salama," alisema msusi, akatua chanuo. "Ila."

"Sema."

"Ila jana jua lilipozama aliinuka, mama. Nimemwita, nimemvuta shati, nimemwambia kuhusu chai kama ulivyosema, wapi. Alifika mpaka kwenye kona, mimi nyuma yake na chanuo mkononi, watoto nyuma yangu, tunakwenda kama bendi. Nikamwambia, mzee, mke wako kasema atapita geti. Ukienda huko mtapishana. Akasimama. Akafikiri. Akarudi mwenyewe, lakini kwa sharti tukae getini. Tumekaa. Dawa ameimezea hapa, chakula amekilia hapa, mpaka usingizi ulipomzidi ndipo akakubali ndani. Asubuhi amerudi. Nami nina wateja, ningefanyaje, nimehamisha kazi."

Mama Wanga aliweka mkono wake kichwani kwa msusi, kama mtu anavyomfanyia mtoto wake, akauacha hapo.

Fundi alikuwa amesimama. Aliziweka nywele juu ya kigoda kwanza, fungu kwa fungu, kisha akaja.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ametolewa."

"Wa kike?"

"Hawakuniambia."

Alitikisa kichwa kwa kuelewa. Mama Wanga aliinua kidogo kile kikinga jicho, ingawa daktari alikuwa amemkataza, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu. Nywele zote nyeupe, mistari miwili mirefu kutoka puani hadi kidevuni, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola aliyoitia wanga yeye mwenyewe.

"Umezeeka, Fundi," alisema.

"Zamani," alisema mumewe. "Wewe ndiye ulikuwa huoni."

Alilipokea beseni dogo la nguo zake za hospitali, akatangulia nalo ndani. Kutoka mkekani mteja aliuliza, kwa adabu, kama kuna mtu yeyote atakayemalizia kichwa chake.